Mguu wa Bi Kipimo

"Anaenda kuwahesabu waliozama," alisema jirani, sindano mbili kaziuma mdomoni na mguu juu ya pedali ya cherehani. "Usinitazame hivyo. Nimemwona kwa macho yangu haya. Kila alfajiri anashuka zile ngazi za bandari ya zamani na sare yake ya ofisi, anaingia majini mpaka magotini, anainamisha kichwa, anahesabu. Mtu mzima na akili zake. Sasa anahesabu nini kama si watu?"

"Labda anahesabu samaki," alisema Mama Kichanga.

"Samaki wanahesabiwa na wachuuzi, shoga yangu. Yule ana jambo lake."

Mama Kichanga alimhamishia mtoto bega la pili. Jina hilo walimpa mtaani siku aliyotoka hospitali, na ingawa mtoto sasa alikuwa na miezi minane na meno mawili, jina lilikuwa limeshakaa. Huyo waliyekuwa wakimsema naye jina lake lilikuwa la kupewa: Bi Kipimo. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya mji, mwanamke mrefu, mkavu, anayekaribia kustaafu, haonekani bila mkoba wake wa ngozi uliochubuka pembe. Kazi yake ilikuwa moja tu tangu usichana wake, kusoma maji. Kando ya ngazi za zamani ilisimama nguzo iliyoandikwa namba za sentimita kutoka chini kwenda juu. Maji yakijaa hugusa namba fulani, na Bi Kipimo huiandika namba ile kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Basi. Mtaani walisema hakuna kazi nyepesi kama ile, ya kuajiriwa kutazama bahari.

Ila mwaka ule kazi yake ilikuwa imepata uzito, kwa sababu mradi ulikuwa umefika. Malori yalishuka ufukweni na mawe makubwa kama ng'ombe waliolala, na winchi yenye shingo ndefu ikayanyanyua moja moja, taratibu, kama mama anayemlaza mtoto asije akaamka. Chini ya barabara ilichimbwa mitaro mipya, kila mtaro na mlango wake wa chuma mdomoni, unaofunguka maji ya mvua yakitoka na kujifunga bahari ikitaka kuingia. Nguzo za taa zilikuwa zimesimama, mabenchi bado yamevikwa nailoni. Na ukuta wenyewe ulikuwa ukipanda, mawe na zege, kutoka ncha moja ya mji hadi nyingine. Mama Kichanga alipenda kusimama pale na kutazama. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wanaweza kuishika bahari kifuani wakaiambia ikomee hapa.

"Unajua urefu wa ukuta wameupata wapi?" mumewe alimwambia jioni moja, akinawa saruji vidoleni. Alikuwa mwashi kwenye mradi. "Kwenye madaftari ya Bi Kipimo. Injinia kayasoma, akatafuta maji yalifika juu kiasi gani, akaongeza kidogo. Sisi tunajenga maandishi ya yule mama."

Neno hilo lilimkaa Mama Kichanga moyoni, kwa sababu chumba chao kilikuwa cha mtaa wa chini kabisa, nyuma tu ya ufuo. Mwaka uliopita, wakati wa bamvua kubwa, maji yanapojaa kupita siku zote, bahari iliingia ndani. Haikupita mlangoni. Ilipanda kimya kimya kupitia tundu la maji machafu. Yeye alikuwa na mimba ya miezi minane, amejilaza asubuhi kupumzisha miguu, akafumbua macho akaona ndala zake zinazunguka chumba zenyewe. Mstari wa chumvi ulikuwa bado ukutani, usawa wa goti. Kitanda kilikuwa bado juu ya matofali, manne kila mguu. Na mtoto, wiki mbili zilizopita, alikuwa ameanza kutambaa.

*

Meno ya mtoto ndiyo yaliyomtoa Mama Kichanga nje alfajiri. Baba alikuwa na kazi ya kujenga mawe, alihitaji usingizi wake, kwa hiyo mama alimfunga mtoto mgongoni akawa anatembea naye ufukweni hadi anyamaze. Ndivyo alivyomwona Bi Kipimo kwa macho yake mwenyewe.

Jirani hakuwa amesema uongo. Bi Kipimo alivua viatu, akavipanga sambamba kwenye ngazi ya juu, akashika sketi ya sare, akaanza kushuka. Kila ngazi aliikanyaga kwa mguu mzima, kisigino mpaka vidole, midomo ikicheza. Maji yalipomgusa alisimama kidogo, kisha akashuka ngazi mbili zaidi, akakaa kimya kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Bahari ilimpanda na kumshuka mguuni. Akainama, akapapasa chini ya goti, akanong'ona kitu, akageuka akapanda.

Mama Kichanga aliona aibu, kama aliyemfumania mtu kwenye sala. Alitaka kuondoka, mtoto akalia.

"Huyo ni meno," alisema Bi Kipimo bila kugeuza uso. "Mpe kitambaa cha baridi aume. Na wewe kaa, husumbui mtu."

Akakaa. Siku iliyofuata akaja tena, na iliyofuata pia. Bi Kipimo hakuwa mwenye maneno ya kupoteza. Alikausha miguu, akafungua mkoba, akatoa daftari na kadi ngumu iliyokatwa upenyo mrefu katikati. Kadi aliiweka juu ya ukurasa, akaandika ndani ya ule upenyo ili mstari usipinde. Mama Kichanga alikuwa ameishia darasa la saba, na kitu alichokipenda kuliko vyote shuleni kilikuwa mwandiko. Siku ya tatu alichungulia.

Ukurasa ulikuwa mweupe.

Aliangalia vizuri. Kalamu ilikuwa inakwenda, mkono ulikuwa unaandika, tarehe, saa, namba, lakini karatasini kilibaki kijifereji tu, kama njia ya mdudu mchangani. Juu yake kulikuwa na vingine vya jana na juzi.

"Bi Kipimo, kalamu imeisha wino."

Mkono ulisimama. "Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Bi Kipimo alifunika kalamu kwa kifuniko chake, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgeni. Akaelekeza uso baharini.

"Umeshajua, basi," alisema.

"Sijajua kitu mimi."

"Usinidanganye, mwanangu, nimekuwa mwongo muda mrefu, nawajua wenzangu." Akacheka pumzi moja. "Naona mwanga. Naona wewe ni kitu cheusi chenye nundu mgongoni. Nguzo siioni. Namba zake sijaziona mwaka wa tatu huu."

Mama Kichanga alitoa kwenye pindo la khanga kalamu yake ya kuandikia tarehe za chanjo za mtoto, akaomba daftari, akapita juu ya vile vijifereji, siku tatu, herufi kwa herufi, akiufuata mkono wa mwenzake asiuache hata kidogo. Alipomaliza alipuliza wino.

"Sasa unasomaje maji?" aliuliza. Alikuwa ananong'ona bila kujua kwa nini.

Bi Kipimo alinyoosha mguu wa kulia. Chini ya goti alikuwa amejifunga kamba nyembamba, na kutoka hapo kamba nyingine ilishuka juu ya ugoko hadi kifundoni, yenye mafundo madogo yaliyopangwa sawasawa. "Ngazi ni ishirini na mbili. Zimejengwa kabla mama yangu hajazaliwa, hazijasogea hata unywele. Nilipokuwa naona, nilikariri kila ngazi iko sawa na namba ipi ya nguzo, kwa mchezo tu, kwa sababu asubuhi ni ndefu. Macho yalipoanza kuniaga nikakumbuka mchezo wangu. Nahesabu ngazi kavu. Nashuka mbili za majini, nasimama, wimbi linapanda, wimbi linashuka, nachukua katikati yake kwenye mafundo. Yaliyobaki ni kujumlisha."

"Kwa mguu," alisema Mama Kichanga.

"Kwa mguu. Ndiyo hivyo nimekuwa nawasomea bahari mji mzima, kwa ugoko."

Mama Kichanga aliutazama mguu ule mwembamba, wenye mishipa, ukichuruzika maji ya chumvi. Miaka mitatu. Mvua, baridi, upepo, mtu huyu alishuka kwenye maji asiyoyaona, akayasikiliza kwa ngozi, akapanda akaandika namba. Na wao wote walikuwa wamelala.

*

Ungeishia hapo ungekuwa mkasa wa macho tu. Lakini Mama Kichanga alikuwa na tabia ya kuangalia vitu, na kesho yake, Bi Kipimo alipokuwa ndani ya maji, yeye aliitazama ile nguzo. Namba zilikuwa nyeusi juu ya rangi nyeupe, zinasomeka vizuri.

"Mia mbili arobaini na mbili," alisema Bi Kipimo akipanda.

"Nguzo inasema mia mbili na kumi."

Bi Kipimo alisimama na mguu mmoja hewani. "Hujasoma vizuri."

"Nimesoma mara tatu."

Siku ya pili mguu ulisema mia mbili sitini, nguzo ikasema mia mbili ishirini na nane. Siku ya tatu vivyo hivyo, thelathini na mbili tena. Bi Kipimo alikaa kwenye ngazi ya juu, mabega yamemwanguka.

"Basi ni kweli," alisema. "Waliona kosa langu."

"Nani?"

"Injinia. Yule msichana. Kabla hawajaanza kuchora ukuta wao alikuja ofisini na madaftari yangu, akaniambia, 'Mama, hii miaka mitatu ya mwisho namba zako zimeruka juu ghafla, zinaachana na za nyuma. Kuna nini?' Ningesema nini? Kwamba nasoma kwa ugoko? Nikamwambia, 'Labda nimechoka, mwanangu, labda nimekosea.' Akaniambia pole, akaiweka kando miaka ile mitatu, akatumia ile sita iliyo nyuma yake. Nikashukuru Mungu hakuuliza zaidi." Alifuta uso kwa upindo wa sketi. "Kwa hiyo mguu umenidanganya wakati wote huo. Miaka mitatu ya takataka."

Mama Kichanga alimfunga mtoto mgongoni. Kulikuwa na kitu kinamwasha kichwani, na hakukijua mpaka alipofika nyumbani na kutaka kufungua dirisha.

Dirisha lile lilikuwa kichekesho cha mtaa. Mumewe alikuwa amepima tundu lake kwa tepu ya jirani fundi cherehani, akaenda kukata mbao kazini kwa tepu yake mwenyewe. Dirisha likaja kubwa kwa vidole vitatu, likakataa kuingia, ikabidi lirandwe siku nzima mtaa mzima ukitoa maoni. Kumbe tepu ya jirani ilikuwa imekatika mwanzo, inaanzia vidole vitatu ndani, na mwenyewe anajua, hupunguza kichwani bila kumwambia mtu. Magauni yake yote yalikuwa sawa. Aliyeazima ndiye aliyeumbuka.

Alisimama na mkono kwenye komeo. Halafu alitoka, mtoto kiunoni, akaenda kwa jirani.

"Ile tepu yako, kosa lake linabadilika?"

"Kosa gani? Tepu yangu haina kosa, ina kilema," alisema jirani. "Na kilema hakibadiliki. Vidole vitatu jana, vidole vitatu leo. Ningekuwa nakosea mimi, leo ungevaa gauni linabana, kesho gunia."

Alfajiri iliyofuata Mama Kichanga alimsubiri Bi Kipimo hata kabla hajavua viatu.

"Mguu ukikosea," alisema, "ungekosea leo hivi na kesho vile. Wako unaachana na nguzo kwa thelathini na mbili, kila siku, hauzidi haupungui. Ngazi hazijasogea, umesema mwenyewe. Nguzo je?"

"Nguzo imesimama hapo tangu..." Bi Kipimo alianza. Alikaa chini. "Tishari," alisema.

Miaka tisa nyuma, tishari, chombo bapa cha kubebea mchanga, lilikatika kamba likaigonga ile nguzo. Bi Kipimo hakuwepo, alikuwa ameenda kumzika mama yake akakaa mwezi mzima. Aliporudi alikuta nguzo imesimama wima, imepakwa rangi mpya, akafurahi, akawashukuru vijana wa ofisi. Hakuuliza waliisimamisha juu ya nini. Mwaka ule namba zilishuka kidogo, naye akaandika pembeni ya daftari kwa mwandiko wake mzuri: bahari mwaka huu imetulia.

"Waliikita juu ya kifusi," alisema sasa, kwa sauti ndogo. "Iko juu kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo inasoma chini. Miaka sita nimeandika ilichosema nguzo, kwa macho mazima, na ni uongo. Halafu nikapofuka, nikaanza kuandika kweli." Akageuza uso. "Na hiyo kweli ndiyo niliyowaambia waitupe."

Wote wawili wakaelekea upande wa ukuta. Ulikuwa umefika karibu na ngazi, mrefu, mzuri, na mfupi kwa sentimita thelathini na mbili.

*

"Kesho kutwa tunafunga juu," alisema mumewe wakati wa chakula. "Tunamwaga mkanda wa zege, halafu hakuna kuongeza tena. Kimekwisha."

Mama Kichanga alikuwa ameahidi kutosema. Bi Kipimo alimshika mkono kwa nguvu pale ngazini na kumwambia, niachie nifikiri, kwa sababu nikisema mguu nimesema na macho, na nikisema macho nimewaambia watu thelathini wa ofisi ile kwamba miaka mitatu nimewafanyia mchezo. Nina kitu gani kingine, mwanangu? Jina langu lenyewe ni kipimo.

Asubuhi yake Bi Kipimo hakuja ufukweni. Ngazi zilikaa tupu, maji yakapanda na kushuka bila msomaji.

Mama Kichanga alimfuata kwake. Kilikuwa chumba kimoja safi, sakafu ya saruji iliyong'arishwa, na ukuta mmoja mzima umejaa madaftari yaliyopangwa kwa miaka, migongo yao imenyooka kama askari. Bi Kipimo alikuwa amekaa kitandani na sare yake, mkoba mapajani, kama abiria ambaye gari limemwacha.

"Umekuja kunisukuma," alisema.

"Nimekuja kukusalimia."

Hakumsukuma. Alimshusha mtoto sakafuni kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma, akakaa kwenye kigoda. Mtoto alipiga sakafu kwa viganja, pa, pa, akavuta magoti, akaenda, pa, pa, mpaka kwenye miguu ya mwenye nyumba, akaishika ile kamba ya mafundo akaitia mdomoni.

Bi Kipimo alikuwa ameinamisha sikio. "Ameanza kutambaa."

"Wiki ya tatu hii."

"Kwenye chumba kile? Kile cha mtaa wa chini, kinachoingia maji?"

"Sina kingine."

Mkono wa Bi Kipimo ulishuka ukakipata kichwa cha mtoto, ukakizunguka, ukashuka shingoni, mabegani, mpaka kwenye viganja vilivyo juu ya sakafu. Ukabaki pale. Mama Kichanga aliona vile vidole virefu vikipima, bila haraka, kutoka sakafuni hadi puani kwa mtoto. Vilipima mara moja tu.

"Nipe viatu vyangu," alisema Bi Kipimo.

*

Injinia alikuwa msichana wa rika la Mama Kichanga, kofia ngumu kichwani, buti zimejaa tope. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Mafundi waliacha sepetu zao wakasogea, na mume wa Mama Kichanga alikuwa miongoni mwao, akimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mama," injinia alisema kwa upole, "mimi siwezi kubadilisha ukuta kwa sababu ya mguu."

"Sijakuomba ubadilishe. Nimekuomba upime. Nchi kavu umeipima mwenyewe?"

"Ndiyo. Kwa darubini ya kupimia, kutoka kwenye alama ya chuma ya jengo la forodha."

"Na bahari?"

Injinia alitazama maji. Bahari alikuwa ameichukua kutoka kwenye daftari.

"Basi leta darubini yako, uitazame bahari. Usiniambie imesema nini."

Darubini ilisimamishwa kwa miguu yake mitatu. Fundi mmoja alishuka na fimbo ndefu ya kupimia, akaisimamisha majini. Bi Kipimo alivua viatu, akavipanga sambamba mbele ya watu arobaini, akashika sketi, akashuka. Hata winchi ilikuwa imezimwa. Sauti pekee ilikuwa ya nyayo juu ya jiwe, na midomo yake. Alisimama majini. Mawimbi yalikuja matatu, manne. Akainama akapapasa mafundo.

"Nguzo inasema nini, mwanangu?" aliuliza akiwa huko huko chini.

"Mia mbili hamsini na sita," alisema Mama Kichanga.

"Mimi nasema mia mbili themanini na nane."

Injinia aliinamia darubini. Aliandika, akatoa, akajumlisha, akainamia tena. Alivua kofia ngumu akaishika mkononi, jasho limelaza nywele zake.

"Mia mbili themanini na saba na nusu," alisema. Kisha, akimgeukia fundi aliyeshika fimbo, "Hebu soma tena." Fundi alisoma tena, ikawa ile ile.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walimwangalia tu yule mama akipanda, ngazi kwa ngazi, maji yakimdondoka, na fundi mmoja mzee akamsogezea viatu vyake kwa mikono miwili. Mama Kichanga aliwaza kwamba ameishi mtaa mmoja na kitu hiki, na alichowahi kusikia kuhusu habari zake ni kwamba anahesabu maiti.

"Hiyo nusu nimekuzidi," alisema Bi Kipimo akivaa kiatu. "Leo nimesimama vibaya, watu wengi."

*

Ukuta uliongezwa safu mbili za mawe. Ilichukua miezi miwili, na mume wa Mama Kichanga aliyaweka baadhi ya mawe yale kwa mkono wake. Halafu ikaja bamvua kubwa ya mwaka, mchana kweupe, na mji mzima ukatoka kwenda kutazama.

Bahari ilikuja bila kelele. Ilijaa tu, na kujaa, kama inayovuta pumzi isiyoisha. Chini ya miguu yao milango ya chuma ya mitaro ilijifunga mmoja baada ya mwingine, dub, dub, dub, mpaka mwisho wa mji. Maji yakapanda ukutani jiwe kwa jiwe. Yakafika pale rangi ya mawe ilipobadilika, palipokusudiwa pawe mwisho, yakapita. Vidole vinne juu yake yakasimama, yanang'aa, yanatikisika.

Mama Kichanga alisimama akiwa ameegemea ukuta. Upande mmoja bahari yote ya dunia ilikuwa imesimama usawa wa kifua chake. Upande wa pili, chini zaidi, mtoto wake alikuwa anatambaa juu ya matofali mekundu makavu, anaokota jani. Aliangalia huku, akaangalia huku. Akamshika mumewe mkono, nao ulikuwa baridi.

"Tepu yangu iko wapi nipime," alisema jirani nyuma yao, lakini hata yeye alikuwa ananong'ona.

"Usisahau kupunguza vidole vitatu," alisema mumewe.

Ngazi za zamani zilikuwa zimefukiwa chini ya ukuta. Nguzo imeng'olewa. Badala yake kulikuwa na kisanduku cheupe juu ya mlingoti, kinachosoma maji chenyewe na kutuma namba ofisini. Lakini injinia alikuwa ameandika barua kwamba hata chombo kinahitaji mtu wa kukihakiki, na kwamba mtu huyo anafahamika. Akajenga ngazi mpya, pana, zinazoshuka hadi chini kabisa.

Bi Kipimo alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu, mkoba begani, uso kwenye upepo. Viatu alikuwa ameshavivua. Mama Kichanga alimfunga mtoto mgongoni akamsogelea.

"Maji yamefika wapi?" Bi Kipimo aliuliza. "Usiniambie namba. Niambie yanafananaje."

Mama Kichanga alifikiri. "Kama bakuli lililojaa mpaka mdomoni," alisema, "na mtu amelishika vizuri."

Bi Kipimo aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Aligusa ngazi ya pili kwa kidole gumba cha mguu, akaurudisha mguu, akaugusisha tena. Kwa mara ya kwanza Mama Kichanga alimwona anaogopa.

"Daftari limo mkobani," alisema. "Kalamu umeangalia?"

"Nimeangalia. Ina wino."

"Basi nipe mkono, mwanangu. Ngazi hizi sizijui, nazo hazinijui. Nishushe taratibu, uzihesabu kwa sauti nizisikie, na tafadhali usiniruke hata moja."